Kambale Mwenye Kuhesabu Usiku

"Huyu njo ya supu," Baba Mukubwa Monga akasema, na kidole yake ikaingia mu mayi. "Na ule dume mwenye ndevu murefu, ule tutamukausha na moshi. Bageni batakula mpaka balambe sahani. Bataulizana: hii ni kilio ao ni ndoa?"

Salomé alikuwa nyuma yake na ndoo ya mayi mu mukono. Heshima tu njo ilizuia ile ndoo isimwangike mu shingo ya muzee.

Juu ule samaki mwenye alikuwa anaonyesha, hakukuwa samaki ya bule, hapana! Alikuwa Mama Kisale, jina ya ziwa ya kwabo kule Kinkondja. Kambale mukubwa, mweusi sawa makala, kichwa pana sawa jembe, akigeuka mu baseni mayi inaruka inje. Baba ya Salomé, marehemu Kapenda, njo alimuleta akingali kadogo, yeye na benzake, mu bidon. Kutoka Kinkondja mu bwato mpaka Bukama, kisha mu treni mpaka Kamina. Mu treni bantu banamuuliza: "Papa, unabeba mafuta?" Anajibu: "Nabeba jamaa." Kila fasi treni inasimama, Kapenda anashuka mbio, anatafuta mayi mupya ya kubapa, anarudia mbio, na bantu banamupigia makofi ku dirisha.

Akajenga baseni tatu ya simenti nyuma ya nyumba, akazifunikia na kajumba ka matofali na mabati. Akasema: "Siku moya Kamina itakuwa na samaki yenye kuzaliwa Kamina." Bantu bakacheka. Batoto ya samaki inatokaka Lubumbashi mu sashe ya plastike, nusu inafika inakufa, kila muntu anajua vile. Kapenda hakujali. Lakini akafa mbele ya kuona hata yayi moya.

Sasa mwaka ilikuwa inapita. Jamaa ilikuwa inajitayarisha kumaliza kilio yake siku ya Asomptio, sikukuu ya Maria kupandishwa mbinguni, mwezi ya nane, katikati ya baridi. Baba Mukubwa Monga, kaka yake ya kwanza, muvubi tangu kuzaliwa, alikuya mbele kutoka Kinkondja juu ya kupanga mambo. Na jambo ya kwanza yenye alipanga, njo ile: Mama Kisale mu sufuria.

*

Ile jioni jamaa ikakutana mu parsele, mu kiwanja ya nyumba. Bashangazi pa mikeka, banaume pa viti ya plastike, mukebe ya munkoyo, kinywaji ya mahindi, inazunguka.

"Kilio ya muvubi," Baba Mukubwa akaanza, "bila samaki yake mwenyewe pa meza? Bantu ya Kinkondja bakuye huku bakule kuku? Ni haya! Kapenda mwenyewe ataamuka mu kaburi atuulize."

"Ataamuka kweli," Salomé akasema, "akisikia mumekula Mama Kisale."

Bashangazi bakashika midomo. Mutoto anajibu muzee vile? Lakini Salomé alikuwa anasimama tayari. Alikuwa ametoka Lubumbashi na dipoloma yake ya kilimo na ya kufuga nyama, bantu bengi balimuambia abakie kule, yeye akarudia ku baseni ya baba yake. Hakurudia juu ya supu.

"Baba Mukubwa, naomba na magoti mbili. Munipe mpaka ile siku ya kilio. Mama Kisale akitaga mayayi, batoto bakatoka, hakuna muntu atagusa baseni ya baba. Akikosa, moto ya sufuria nitawasha minyi mwenyewe."

Kisha Baba Mukubwa akacheka mpaka munkoyo ikamupitia mu pua.

"Kutaga? Sasa hii? Mu baridi? Salomé, minyi mama alinizaa mu bwato, hapana mu lopitali. Kambale anangojaka mvula! Mvula ya kwanza inapiga, radi inalia, mayi inapanda mu majani, njo kambale anaenda kutaga. Mu baridi kambale analala mu matope sawa muntu mwenye kulewa. Weye utamuambia nini? 'Madame, pardon, amuka kidogo'?"

"Ndiyo. Njo vile vile nitamuambia."

"Mu luga gani?"

"Mu luga ya mwangaza."

Sasa pale bantu bote balicheka. Hata mama yake, Mama Mwanza, akafunika uso na kikwembe. Lakini Salomé hakukaa. Akachukua kichwa ya kambale mukavu mu sahani ya shangazi, akaiinua juu bote baone.

"Muangarie hapa, katikati ya kichwa, juu ya macho. Mufupa ya hapa iko mwembamba sana, mwangaza inapita sawa mu dirisha. Chini yake kuko kakintu, kadogo sawa mbegu ya lengalenga. Njo jicho ya tatu. Haionaka nyavu yako, Baba Mukubwa, usiogope. Inaonaka tu: ni muchana, ao ni usiku. Giza ikiingia, kale kakintu kanaanza kutengeneza dawa yake mu damu. Banaiita melatonine. Usiku murefu, melatonine mingi, na mayi ikiwa baridi, ubongo ya samaki inasema: bado, chunga nguvu yako. Usiku ikianza kuwa mufupi na mayi ikapata moto, ubongo inasema: aa, wakati imefika! Inatuma bajumbe yake mu damu, banaitaka ormone, inafika mu tumbo: tengeneza mayayi!"

"Kwa hiyo," Baba Mukubwa akasema, "samaki iko na fakteri mu kichwa. Anapeleka barua."

"Anapeleka barua, ndiyo! Na weye mwenyewe unasema anangojaka mvula. Mbele ya mvula kuya, siku inakuwaka namna gani? Jua inakawia kuingia kidogo, ao hapana? Mayi ya ziwa inapata moto, ao hapana?"

Muzee akafikiri. Akakwaruza ndevu.

"Inapata," akakubali, lakini sawa muntu mwenye kutoa jino.

"Basi minyi nitamuletea ile yote mu kajumba. Siku murefu, usiku mufupi, mayi ya moto. Ataona mwezi ya kumi na moya mu mwezi ya saba."

"Unataka kudanganya samaki!"

"Nataka kumuambia habari mbele ya wakati."

Mama Mwanza akafunua uso. Ule mama, akisema kintu, imesemwa. "Shemeji," akamuambia Monga, "mumupe. Sufuria haikimbiake. Samaki akikosa, tutakula. Lakini bwana yangu alikufa na njaa ya kuona ile kintu, na mutoto anasema anaijua. Mumupe."

Wakamupa.

*

Kesho yake Salomé akaenda kwa Kabasele, jirani wa ngambo ya barabara, mutengenezaji ya telefone. Kabasele ni muntu ya Kasai, mulefu, ulimi yake haina freni.

"Yaya Kabasele, nataka taa ya plake ya jua. Taa ya kuwaka na kuzima yenyewe, kila siku saa ileile."

"Juu ya wageni?"

"Juu ya samaki."

Kabasele akaweka tournevis yake ya kufungulia telefone chini, malembe, polepole. "Sikia ninyi Baluba ya huku! Siye ya Kasai tunawasha taa juu ya kusoma. Ninyi munawasha juu ya kambale."

"Na ninyi munasoma nini? Bei ya mahindi."

"Ee! Umeniua. Kuya, tutafanya."

Akafanya kweli, na akafanya muzuri! Alifunga plake pa bati, bateri mu sanduku, taa mbili juu ya baseni ya Mama Kisale. Asubuhi mbele ya jua zinawaka. Jioni jua inaingia, mu kajumba inabakia muchana. Kisha taa zinazima, na usiku inaanza, mufupi, safi. Salomé akafunika dirisha na bashi, plastike nzito nyeusi, hakuna mwangaza ya inje kuingia. Pembeni akaweka futi, pipa ya chuma ya mayi, pa mbabula, jiko ya makala. Asubuhi na jioni anawasha makala, anachanganya mayi ya moto mu baseni na kopo, kopo kwa kopo, termometre mu mukono, mayi isipite kipimo, isishuke. Inje Kamina yote ilikuwa inatetemeka, bantu banatembea na bulangeti mu mabega, lakini mu kajumba ya Kapenda ilikuwa moto sawa Bukama mu mwezi ya mvula. Bashangazi bakaanza kuingia kule kuota moto. "Tunaangaria samaki," banasema. Uongo!

Na Baba Mukubwa? Baba Mukubwa alienda kukopa sufuria. Sufuria kubwa, ile ya ndoa, bantu babili kuibeba. Akaiweka mbele ya mulango ya kajumba, pale pale. Kila asubuhi anaisugua na muchanga, kwaa, kwaa, kwaa, na Salomé akipita, anaimba wimbo ya bavubi ya Kisale.

"Baba Mukubwa, ile sufuria iko safi tangu juzi."

"Natayarisha mulango ya Mama Kisale. Asikuje kukuta buchafu, ni mama ya heshima."

Siku zikapita. Salomé anamupima Mama Kisale ku tumbo. Tumbo gorofa. Anamupa chakula: bunga ya soja, samaki ndogo ya kusaga, mutama. Nusu anaiacha. Wiki ingine: tumbo gorofa. Tena anazunguka ku pembe moya sawa muntu mwenye kukosa usingizi.

Usiku Salomé analala na telefone pa kifua, anasoma tena yote yenye alisomaka. Mwangaza: iko. Moto: iko. Chakula: iko. Kosa iko wapi? Na sufuria inje inangaa mpaka unaweza kuangaria meno yako mule ndani.

*

Ikafika asubuhi moya. Walikuwa wanakunywa chai mu parsele, mikate ya moto mu sahani, baridi inawauma vidole. Baba Mukubwa alikuwa na macho mwekundu.

"Ninyi ya muji," akasema, "kuran yenu, hii umeme, ni sawa muke mwenye kurudia saa yenye anataka. Jana nimelala muzuri, mara paa! mwangaza mu macho. Nikajua njo asubuhi. Nikavaa suruali! Kumbe ni kuran imefika, ni usiku kabisa. Nikaweka telefone ku moto ichaji, nikalala. Ikaenda. Nikalala muzuri. Paa! Imerudia."

"Pole, Baba Mukubwa," Mama Mwanza akasema. "Ungefunga anterupteri, ile swichi ya taa."

"Nifunge? Na nitajua namna gani kuran imefika? Muliniambia ninyi benyewe: acha anterupteri wazi, ampule ikiwaka itakuambia."

Hii ni kweli, kila nyumba ya Kamina iko vile. Kuran haipigake hodi. Basi muntu akienda kulala anaacha anterupteri wazi, ampule ikiwaka anaruka, telefone ku prize, fer ya nguo ku prize, mayi mu rechaud, jiko ya kuran, mbio, mbio, mbele iende tena. Mutoto anajifunza ile mbele ya kujifunza kusali.

"Lakini minyi sina bubaya," Baba Mukubwa akaendelea, anachovya mukate. "Samaki yako, Salomé, njo banaumia. Chumba yangu iko pembeni ya kajumba, mu ukuta kuko katundu. Kuran ikifika, naona Mama Kisale anazunguka, anapiga mukia, sawa yeye pia anatafuta suruali yake."

Salomé akaweka kopo chini. Chai ikamwangika pa kikwembe, hakusikia.

"Baba Mukubwa. Mu kajumba… ampule inawaka?"

"Ampule ya marehemu, ile ya katikati. Hauijui?"

Asiijue namna gani! Yeye mwenyewe njo anaiachaka wazi! Kila jioni, akitoka mu kajumba, taa ya Kabasele zinazima, na mukono yake inapanda pa ukuta, inashusha anterupteri, tak. Tangu utoto. Mukono inaenda yenyewe, kichwa haiko pale. Yeye mwenye kufunika dirisha na bashi! Yeye mwenye kufundisha jamaa yote juu ya jicho ya tatu!

Akasimama, mikono pa kichwa, akaanza kucheka na kulia pamoja.

"Mutoto amekuwa nini?" shangazi akauliza.

"Shangazi, nimemuvunjia usiku! Melatonine inapandaka mu giza, malembe, malembe, njo samaki anapima usiku. Anahesabu! Usiku ni murefu, usiku ni mufupi. Sasa giza inaanza, paa, muchana. Giza tena, paa, muchana. Atahesabu nini? Nimemupa siku nne mu siku moya! Ile barua ya ubongo, fakteri haijui aipeleke ao airudishe."

Baba Mukubwa akatafuna mukate polepole. Unajua alisema nini?

"Nilikuwa nadhani minyi tu njo nateseka hapa."

Salomé akakimbia mu kajumba, akapanda pa kiti, akazungusha ampule ya baba yake, akaitoa. Akatoka nayo inje mukononi sawa yayi. Mama Mwanza akaipokea, akaiangaria, akaifunga mu kikwembe.

"Sasa," Baba Mukubwa akauliza, "usiku tutajua namna gani kuran imefika?"

"Bajirani ya kartie yote batapiga makelele, Baba Mukubwa. Utasikia mpaka Kinkondja."

Ile siku akaziba ile katundu ya ukuta na simenti, ampule ya chumba ya muzee isiangazie samaki. Hakumuomba muntu ruhusa.

*

Na Mama Kisale akalala. Ee, samaki analala pia! Alilala muzuri, anaamuka na taa, anakula yote, anaomba tena. Anaacha pembe yake, anazunguka katikati ya baseni na kiburi ya bibi harusi. Na tumbo? Weee! Tumbo ikaanza kujaa kidogo, kisha kabisa, laini, inatoka ku mbavu mbili sawa mufuko ya bunga.

Lakini siku ya Asomptio ilikuwa inafika karibu na Mama Kisale anabeba tu, hatagi. Bageni ya kwanza bakafika kutoka Kinkondja, na makinga, baiskeli ya kubeba mizigo, na mikeka, na samaki mukavu mu majani. Bakapita mbele ya sufuria, bakaingia kajumba kuangaria, bakarudia banatikisa kichwa. "Ule ni mukubwa. Atatosha."

Salomé alijua kwa nini hatagi. Mwangaza na moto zilikuwa zimefanya kazi yabo, mayayi zilikuwa tayari. Lakini amri ya mwisho, ile ya kusema "toa!", ile mu ziwa inakuyaka na mayi yenye kupanda mu majani mapya. Mu simenti hakuna majani. Ile amri ingefaa itoke mu kichwa ya kambale mwingine. Chini ya ubongo, mu kashimo ka mufupa, kuko kakintu ingine keupe, banakaita ipofize, njo inachunga ile ormone. Unaitoa, unaisaga na mayi ya chumvi, unapiga sindano. Na dume yenyewe unafungula, juu mbegu yake haitokake na kukamua.

Maana yake: dume mwenye ndevu murefu, ule mwenye alitoka mu bidon moya na Mama Kisale, afe.

Akaikala wakati murefu pa ukingo ya baseni. Kisha akaenda kwa Baba Mukubwa. Alimukuta, bila shaka, ku sufuria.

"Baba Mukubwa, nimekuya kukupa dume."

Muzee akaacha kusugua. "Umeshindwa?"

"Hapana. Mwili yake ni ya meza ya baba. Bageni watakula samaki ya Kapenda, haya haitatupata. Lakini kichwa yake naitaka minyi, na naitaka ifunguliwe na mukono yenye haitetemeke. Ile kintu iko ndogo sana. Ikipasuka, tumepoteza yote. Minyi mukono yangu…" Akaionyesha.

Baba Mukubwa akaangaria ule mukono. Akapangusa yake ku suruali, moya, kisha ya pili.

"Leta kisu yangu," akasema. "Ile fupi. Na uniambie wapi."

Jua ilikuwa inaenda kuingia wakati bawili waliinama juu ya ile kichwa pa mbao. Salomé anaonyesha na kijiti: "Hapa. Hapana, chini zaidi. Inua ubongo malembe." Muzee mwenye alifungula samaki maelfu na maelfu, hajaangariaka ndani ya hata moya vile. Kisu ikaingia sawa iko na macho yake. Mufupa ikafunguka. Na pale, mu kashimo kake, keupe, kadogo sawa punje ya muchele ya kuvunjika.

"Njo hii?" Monga akasema, pumzi chini. "Hii tu njo inachungaka mayayi yote ya Kisale?"

"Hii tu, Baba Mukubwa."

"Na tunaitupiaka mbwa."

Akaipandisha pa ncha ya kisu, nzima, bila kuichubua, akamupa mutoto ya ndugu yake na mikono mbili, sawa banampa muntu mukubwa. Na kabla ya giza kuingia Salomé alikuwa amepiga Mama Kisale sindano mu mukongo, na Mama Kisale akamupiga na mukia, paa, mayi mpaka mu masikio.

*

Asubuhi mayayi zikamwangika sawa punje ya bulo mu baseni ya plastike. Ulishaona kintu vile! Kijani kidogo, zinangaa, maelfu, Salomé anapitisha kidole ku tumbo na zinatoka tu, zinatoka tu, na shangazi anashika Mama Kisale kichwa na kitambaa anamuambia "sukuma, mama, sukuma" sawa iko mu materinite. Mbegu ya dume, yenye Salomé alichunga usiku mu kachupa inje ku baridi, ikachanganywa mu mayayi na unyoya ya kuku. Mayayi zikatandikwa pa nyavu mu baseni ya pili, mayi ya moto inapita malembe. Mama Kisale akarudia kwake kupumzika.

Lakini ahadi ilisema batoto. Mayayi peke yake haikufunga sufuria.

Siku ya Asomptio misa ikaisha, parsele ikajaa mpaka inje ya lupango. Bukari, ugali ya mahindi, inazunguka, dume ya Kapenda iko pa meza na moshi yake, bantu banaisifu. Salomé hakula. Alikuwa mu kajumba anatoa mayayi zenye kugeuka nyeupe, zenye zimekufa, moya moya, juu zisiozeshe zingine. Zilikuwa mingi. Aliacha kuhesabu, juu ya roho yake. Inje akasikia shangazi anauliza: "Sufuria tuwashe ao tungoje?" na sauti ya Baba Mukubwa, kali: "Nani anakutuma na moto yako? Ikala!"

Akainama tena. Yayi moya ikatikisika.

Akadhani ni mayi. Hapana! Mukia, nyembamba sawa uzi, ikapiga mara moya, ikapiga tena, ikapasua ngozi, na kakintu kakaanguka chini ya nyavu, na kifuko kake ka chakula ku tumbo, kanatetemeka. Kisha ingine. Kisha pembeni. Kisha nyavu yote ikaanza kutetemeka sawa inachekeshwa.

Akakimbia, akapiga mukono pa mulango, papapapa, na bantu bote bakageuka.

Wakaingia bawili bawili, malembe, Kabasele pa mulango sawa polisi: "Telefone mu mufuko! Muntu akiwasha flash namuvunjia! Hii ni batoto ya kuzaliwa leo, ninyi muliangariwaka na flash siku yenu?" Bazee ya Kinkondja, bavubi tupu, bantu yenye hakuna samaki inawashangaza, bakainama na kofia mukononi. Mumoya akauliza, "Mu baridi?" Akarudia tena, peke yake, "Mu baridi."

Baba Mukubwa Monga aliingia wa mwisho. Akaangaria murefu. Kisha akatoka katikati ya parsele, akasimamisha ngoma na mukono.

Kwetu, kilio ikimalizika, mukubwa ya kizazi anataja majina ya sifa, kutoka mwenye kuanza bwato ya kwanza mpaka kwa marehemu, na mwenye kutajwa akiwa muzima anakuya kusimama katikati, kichwa juu, bantu bamuone. Muzee akaanza na bakambo ya ziwa, babu ya zamani, sauti yake inapanda, bazee banajibu. Akafika kwa baba yake. Akafika kwa Kapenda, "mwenye kupandisha ziwa mu treni!" Bigelegele. Pale njo inaishaka. Bantu bakaanza kukaa.

Hakukuwa amemaliza.

"Na Salomé!" akapiga sauti. "Salomé wa Kapenda! Mwenye kufunga usiku na kufungula usiku! Mwenye kujua barua ya kichwa ya kambale! Mvula ya mwezi ya baridi, haina wingu, haina radi, na mayi inapanda! Minyi Monga, mwenye kuzaliwa mu bwato, nimeona na macho yangu mbili, na ya tatu nikikuwa nayo ningeona nayo!"

Kartie yote ikapasuka. Bashangazi wakatupa bikwembe chini apite juu yake. Kabasele analia, anasema ni moshi. Na Salomé, na mikono yake yenye harufu ya samaki, na muchele ya mayayi mu nywele, akatembea pa bikwembe ya bashangazi mpaka katikati, akasimama pembeni ya muzee, kichwa juu, na hakuinamisha macho kwa muntu hata mumoya.